Mzee Ruksa alituachia nini hasa? Mwanafunzi kaniuliza, nikakosa jibu

Mwl_Kihonda:

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Mi ni mwalimu wa uraia sekondari, huku Morogoro. Wiki hii nilikuwa nafundisha mageuzi ya miaka ya 80 na 90, nikawaeleza vizuri tu kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi ndo rais wa awamu ya pili, 1985 mpaka 1995, alifungua biashara, vyama vingi vikarudi 1992, watu wakamwita Mzee Ruksa. Nikaandika ubaoni wakanakili. Kuna binti anakaa nyuma kabisa, huwa haongei kabisa yule, akanyoosha mkono akasema mwalimu, kama vyama vingi viliruhusiwa 1992 mbona kwenye uchaguzi wa 2025 baba alisema chama anachokitaka hakimo kwenye karatasi ya kura?

Darasa zima kimya. Nikamwambia tutaendelea kipindi kijacho. Kipindi kijacho ni Alhamisi na mpaka sasa hivi sina jibu ambalo naweza kusimama nalo mbele ya watoto wale 60 bila aibu.

Sitaki ugomvi wa vyama kwenye uzi huu, nawaomba sana. Nimezaliwa 1993, kwa hiyo Mwinyi kwangu ni yule mzee mpole wa kwenye TV, na siku alipofariki, 29 Februari 2024, nilimlilia kama watu wengine. Ninachotaka kujua kwa mlioishi ule wakati na mnaojua sheria ni hiki: alibadilisha nini kweli, na kimebaki kiasi gani mpaka leo?

MamaNasra_Temeke:

Marahaba mwanangu. Ngoja nikueleze mimi maana foleni haisomwi kwenye kitabu.

Mwaka 83 nilikuwa na mtoto mchanga na sabuni hakuna. Sijasema ilikuwa ghali, HAKUNA. Duka la kaya umeandikwa jina lako na idadi ya watu nyumbani, ukisikia leo sukari imekuja unatoka mbio na kadi mkononi unakuta foleni imeshapinda kona, unasimama jua lote na mtoto mgongoni, ukifika mbele unaambiwa imekwisha rudi wiki ijayo. Tulifua kwa majani ya mpapai. Meno tulipiga mswaki kwa mkaa na chumvi. Tulikula ule unga wa njano wa msaada tukauita yanga na tulishukuru kuupata. Na mwaka huohuo ndo ikaja vita ya wahujumu uchumi, watu wenye vitu ndani wakawa wanatoka usiku kuvitupa mitoni na vichakani wakiogopa msako, yaani sisi tunatafuta sabuni na sabuni zinatupwa mtoni.

Sasa niwe mkweli kwa sababu wewe utawafundisha watoto. Mlango haukufunguliwa na Mwinyi peke yake. Bajeti ya 1984, Mwalimu Nyerere bado yuko Ikulu, ndo ilianza kuruhusu mwenye hela zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mitumba ikaanza kuonekana. Ila mtu aliyesema mlango huu haufungwi tena ni Mwinyi. 1986 akakubaliana na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu aliligomea miaka na miaka, na alifanya hivyo huku Mwalimu mwenyewe bado ni mwenyekiti wa chama mpaka 1990! Fikiria unaendesha nyumba na baba mwenye nyumba amekaa sebuleni anakuangalia. Hakumkosea adabu hata siku moja, na hakurudi nyuma.

Mi nikaanza kutandika mitumba chini, Kariakoo, kwa mtaji wa belo la kugawana watu watatu. Nimesomesha watoto wanne kwa biashara ile. Watu wakisema Mwinyi alikuwa mdhaifu huwa nawatazama tu, kwa sababu najua mwaka 83 nilikuwa nani na mwaka 93 nilikuwa nani.

Kitangiri_Mza:

Mama Nasra nakuheshimu sana na yote uliyosema ni kweli, lakini nchi haikuwa Kariakoo peke yake mama yangu.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Nyumba ya kampuni, matibabu ya kampuni, gari la kuwapeleka kazini. Mitumba ile iliyokupa wewe maisha ndo iliyommaliza yeye, hakuna aliyeweza kushona shati Mwanza akashindana na shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya likaja kwa kilo. Sisemi kosa ni la mitumba tu, mashine zilikuwa mbovu, umeme unakatika, menejimenti wizi, na madeni juu. Ila mtu hakupewa hata muda wa kujiandaa. 1985 dola ilikuwa kama shilingi 17, Mzee anaondoka 1995 dola imepita 500. Mshahara wa baba uliyeyuka hivihivi tunaona. Akaja kupunguzwa kazi, mafao akayafuatilia miaka, mwishowe alikuwa anauza samaki wa kukaanga jioni kwenye kibaraza na ile overoli ya kazi kaivaa, hakutaka kuivua.

Afu kaka yangu alifaulu kwenda sekondari, ada ikawa imesharudi. Hospitali 1993 wakaanzisha kuchangia gharama. Mlango ulifunguka ndio, lakini aliyekuwa na nauli ndo alipita.

Na kuna jambo ambalo mwalimu usiliache, Azimio la Zanzibar, Februari 1991. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa na nyumba ya kupangisha. Zanzibar wakayalegeza yote hayo ndani ya kikao cha chama, wananchi tukaja kusikia baadaye. Pale ndo mfanyabiashara na mwanasiasa wakawa mtu mmoja. 1994 wafadhili wakasimamisha misaada kwa sababu kodi haikusanywi na misamaha inagawiwa kama pipi. Na Mei Mosi 1995 Mwalimu akasimama Mbeya akasema habari ya rushwa bila kuficha, akasema Ikulu ni mahali patakatifu. Mtu hasemi vile kama nyumba ni safi.

Kwa hiyo ukiwafundisha wanafunzi wako ruksa, wafundishe pia ruksa ilimfikia nani kwanza.

MamaNasra_Temeke:

Pole sana mwanangu kwa mzee. Hilo la overoli limenigusa, nami nina ndugu walikuwa viwandani, najua.

Sina ubishi na hilo la Azimio. Lakini hata hiyo rushwa msimwache peke yake nayo. 1990 aliwaambia mawaziri wote wajiuzulu akaunda baraza upya kwa ajili ya mambo hayohayo. Fagio la chuma lilikuwa neno lake. Labda halikufika kwenye kona zote, ila alifagia.

Wakili_Ilala:

Nimesoma uzi wote nikaona swali la yule binti bado halijajibiwa. Hii ndo kazi yangu, naombeni uvumilivu, nitaandika kirefu.

Tuanze na vyama vingi. Februari/Machi 1991 Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali izunguke nchi nzima iulize watu kama wanataka chama kimoja au vingi. Majibu mnayajua, karibu asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, kama asilimia 20 ndo walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 mkutano mkuu wa CCM ukakubali, katiba ikabadilishwa Mei, na kuanzia 1 Julai 1992 sheria ya vyama ikaanza kufanya kazi. Kwa kiongozi wa chama tawala ambaye wananchi wengi wamemwambia baki peke yako, kukubali kuwasikiliza wale wachache ni jambo kubwa, na mimi nampa heshima yake yote. Majirani zetu wengine walifika hapo kwa mabomu ya machozi na watu kufungwa, sisi tulifika kwa tume.

Lakini Nyalali hakupendekeza vyama tu. Alitaja sheria 40 kandamizi zifutwe au zirekebishwe. Alitaka watu washirikishwe kupata katiba mpya. Serikali ikachukua kile kipande cha vyama ikaacha mengi ya yale mengine. Tukaingia kwenye mchezo wa timu nyingi kwa kanuni zilizoandikwa wakati timu ni moja, na refa anateuliwa na nahodha wa timu moja. Katiba ni ileile ya 1977 yenye viraka. Jaji Warioba na tume yake ya katiba walizunguka tena kuanzia 2012, tukapata katiba pendekezwa 2014, mpaka leo haijapigiwa kura.

Sasa sikilizeni kisa hiki kwa sababu ndo kinajibu swali la yule mtoto. 1993 Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alifungua kesi. Alidai mambo mengi, nitaje mawili. Kwanza, kwanini mtu asigombee bila chama? Pili, kwanini mkutano wa hadhara uombe kibali? 1994 Mahakama Kuu ikamkubalia yote mawili. Jaji akasema haki ya kukutana ni ya mwananchi, haihitaji kibali cha mtu, inatosha kutoa taarifa. Na akasema mgombea binafsi aruhusiwe. Wino haujakauka, mwisho wa mwaka huohuo, serikali ya huyuhuyu Mzee Ruksa ikapitisha bungeni mabadiliko ya katiba ya kumzuia mgombea binafsi. Kesi imezunguka mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013 wakasema Tanzania imevunja haki. Hadi leo huwezi kugombea bila chama.

Mnaona inavyokwenda? Chama kikiondolewa kwenye karatasi, mwanachama wake hana mlango mwingine wa kuingilia. Angekuwepo mgombea binafsi, yule baba wa Morogoro angeweza kumkuta mtu wake kwenye karatasi hata kama chama hakipo. Mlango huo ulifunguliwa 1994 na jaji, ukafungwa 1994 na serikali.

Na mikutano, tangu 2016 ilizuiwa kwa tamko, siyo kwa sheria, Januari 2023 ikaruhusiwa kwa tamko. Watu wakashangilia, hata mimi nilishangilia. Lakini nilirudi ofisini nikawaza, kama juzi ilikuwa haki kwanini leo tunashukuru kupewa? Hapo nikaelewa lile jina lake. Ruksa. Ruksa anaitoa mtu. Akija mwingine anaweza kuichukua. Haki huombi. Mwinyi alitupa ruksa nyingi kuliko rais yeyote na nyingi zilikuwa njema, ila chache sana aliziacha zimegeuka haki.

Kitangiri_Mza:

Wakili hapo kwenye ruksa na haki umenifungua macho. Sikuwahi kulifikiria lile jina hivyo.

BintiMangapwani:

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Unguja na nataka kumpinga Wakili kidogo kwa sababu mnaanza habari yake 1985 kama vile alizaliwa Ikulu ya Dar.

Mzee Mwinyi kazaliwa Mkuranga lakini kakulia kwetu, na kwetu ndo alipozikwa, Mangapwani, 2 Machi 2024, nilikuwepo. Alikuwa rais wa Zanzibar kabla ya kuwa wenu. Alishika Januari 1984 baada ya Mzee Jumbe kujiuzulu, katika ule wakati waliouita kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Alikaa chini ya miaka miwili tu. Katika muda huo mfupi Zanzibar ilipata katiba mpya ya 1984 yenye haki za binadamu zimeandikwa ndani. Na biashara ikafunguliwa huku kabla ya bara, wazee wetu wanahadithia namna mapande ya vitambaa na mchele mzuri vilivyorudi madukani, watu walivyokuwa wakivuka kutoka bara kuja kununua. Kwa hiyo Wakili, kule kwetu alianza na haki kwenye karatasi pamoja na ruksa ya dukani. Usiseme hakujua tofauti.

Lakini nami sitaki kumpamba kupita kiasi maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kupambwa. Aliyekuwa Waziri Kiongozi wake mwaka 84 na mtu aliyeshughulika naye sana katika mageuzi yale ni Maalim Seif. Maalim alifukuzwa kwenye chama 1988, akawekwa ndani 1989 mpaka 1991. Rais wa Muungano wakati huo alikuwa nani? Mzee wetu. Babu yangu alikuwa anawapenda wote wawili na jambo hilo lilimuuma hadi anaingia kaburini, alikuwa akisema mbona hakumtoa mwenzake. Sina jawabu la babu.

Nitasema hili la mwisho. Siku ya mazishi watu walikuja wa vyama vyote, kijani wa CCM na wengine, wakasimama safu moja. Kwa Zanzibar mnajua uzito wa jambo hilo.

Wakili_Ilala:

Waalaykumu salaam dada. Nakubali, sikuigusa 1984 na nilikosea. Tena mwaka huohuo katiba ya Muungano nayo iliingiziwa haki za binadamu na ukomo wa vipindi viwili vya urais. Mwinyi ndo rais wa kwanza ambaye ukomo ule ulimhusu. Ulipofika 1995 akaondoka. Kakabidhi kwa Mkapa, kaishi karibu miaka 30 mtaani kama mzee wa kawaida, anaonekana kwenye misiba na mazoezi ya asubuhi. Tunaona jambo dogo kwa sababu sisi tumelizoea. Angalieni jirani zetu wangapi walifuta ukomo wao.

Chacha_wa_Tarime:

Wakuu naheshimu lakini mbona hakuna anayekumbuka maneno yake ya enzi za Magufuli? Alisema hadharani kwamba kama siyo katiba angependa Magufuli awe rais siku zote. Mtu aliyeachia madaraka mwenyewe! Mi nilipenda kazi za Magufuli, barabara yetu ni yeye, ila siku ile niliumia. Nilijiuliza kama mzee huyu naye anaona ukomo ni kikwazo nani atatulindia.

MamaNasra_Temeke:

Hilo alilisema kweli na mimi sikulipenda. Ila soma tena, alisema kama SIYO katiba. Yaani hata katika kumpenda mtu aliweka katiba mbele.

Chacha_wa_Tarime:

Mama, sawa, kwa upande huo nimekuelewa. Bado natamani asingeyasema, maneno ya mzee yana uzito wake, vijana wa chama waliyabeba wakatembea nayo.

Mswahili_Likoni:

Majirani, mimi ni wa Mombasa, niingie kidogo tu. Sisi tulifungua vyama Desemba 1991 kwa kufuta kifungu cha 2A na tulifungua kwa damu ya watu pale Kamukunji na kwengineko, mvumilie mkiona tunawatamania ile tume yenu ya Nyalali. Lakini tulihangaika miaka karibu 20 mpaka tukapata katiba yetu, 27 Agosti 2010, Kibaki akiwa rais, na ndani yake mgombea huru yuko, na matokeo ya urais unaweza kuyapeleka mahakamani. 2017 Mahakama ya Juu iliyafuta kabisa uchaguzi ukarudiwa. Kibaki naye alikuwa mpole, watu wakisema ni goigoi, na 2007 ni doa ambalo halitoki, watu wengi walikufa. Lakini ile karatasi aliyoitia saini 2010 inamshika kila anayekuja baada yake akipenda asipende. Naona hicho ndicho Wakili alichokuwa anakisema kuhusu ruksa.

Wakili_Ilala:

Ndicho hicho jirani. Kwetu katiba inasema tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza.

Mstaafu_Dodoma:

Nimekuwa nasoma tangu asubuhi. Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka 31 na sipendi kuandika kwenye mitandao, lakini huyu mwalimu anaonekana ana nia njema.

Mnazungumza mageuzi ya 1986 na 1992. Mimi kwangu tendo kubwa la Mwinyi ni la 1977, wala hakuwa rais. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa wachawi, vyombo vya dola vikaenda kusaka wauaji, katika kuhoji wakatesa watu, wengine wakafia mikononi mwao. Mwinyi hakumgusa mtu. Hakuagiza. Labda hata hakujua mpaka ilipokwisha kutokea. Akaandika barua ya kujiuzulu kwa sababu ilitokea chini ya wizara yake. Na wenzake kadhaa wakawajibika pia. Akapelekwa ubalozi Misri, watu wakadhani amekwisha. Miaka minane baadaye ni Rais wa Jamhuri.

Sisi tulioingia utumishi miaka ile tulisimuliwa jambo hilo kama funzo la kazi. Bosi wangu wa kwanza alikuwa akisema, saini yako ikiwa chini ya barua basi na aibu iliyomo ndani ya barua ni yako. Hakutoa mhadhara, alituambia tu, kumbuka Mwinyi.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, damu ya vijana ikamwagika siku ile na siku zilizofuata. Nina mjukuu wa miaka 19, alitoka asubuhi akarudi baada ya siku mbili, mzima, Mungu ashukuriwe, lakini rafiki yake waliyetoka naye hakurudi. Mjukuu wangu haongei mpaka leo, anakula anaingia chumbani. Mimi sina chama. Sina matusi kwa mtu yeyote. Swali langu ni moja na nimelibeba tangu Oktoba. Kama waziri aliweza kujiuzulu 1977 kwa watu waliokufa mikononi mwa askari ambao hakuwatuma, basi desturi ile tuliipoteza mwaka gani, na nani alikuwa zamu siku inapotea?

BintiMangapwani:

Mzee wangu, shikamoo. Mungu amrehemu huyo kijana na amfungue moyo mjukuu wako. Usimwache peke yake chumbani, kaa naye hata kama haongei.

Kitangiri_Mza:

Shikamoo mzee. Mi ni wa huku huku Mwanza na kisa cha 77 nilikisikia kwa mama, alikuwa anasema wanawake wazee wenye macho mekundu walikuwa wanaogopa kukaa nje, macho mekundu ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jamani. Sikujua kama ndo kilimwondoa Mwinyi uwaziri. Miaka yote namlaumu mtu kwa kiwanda cha baba na sikujua hilo. Bado namlaumu kwa kiwanda. Ila nimejua.

MamaNasra_Temeke:

Mzee wa Dodoma pole sana baba. Huku kwetu Temeke nako kuna nyumba zimefungwa milango tangu siku ile, watu hawasemi. Mwinyi alikuwa na msemo wake, kila zama na kitabu chake. Nilikuwa naupenda, siku hizi najiuliza zama hizi kitabu chake kitasomeka vipi kwa wajukuu.

Mwl_Kihonda:

Shikamoo mzee wetu wa Dodoma. Nimesoma maandishi yako mara tatu, ya mwisho nimesoma nimesimama. Pole sana wewe na kijana. Na nyote asanteni, sikutegemea.

Nilikuja na mpango wa kutafuta jibu moja niwape watoto. Nimeona siwezi, kwa sababu Mama Nasra na baba yake Kitangiri wote walikuwa sahihi kuhusu mtu yuleyule na miaka ileile. Kwa hiyo Alhamisi sitaanza na 1985. Nitaanza na 1977, ile barua. Halafu nitaruka mpaka 1994, kesi ya Mtikila, niwaulize mtu aliyewajibika vile 77 ilikuwaje serikali yake 94 ikafunga mlango uliofunguliwa na jaji. Niwaache wabishane wenyewe. Yule binti wa nyuma nitamwomba asimame mbele aandike hoja za wenzake ubaoni, nadhani atakubali.

Najua kuna watakaosema mwalimu unajitafutia matatizo. Nimeliwaza. Vyote ninavyotaja ni historia ya nchi iliyochapishwa, hakuna nilichotunga, na swali aliliuliza mtoto, silo langu.

Wakili, nakuomba kitu kimoja. Maktaba yetu haina kitu. Naomba jina kamili la kesi ile niwaandikie vizuri, wasije wakasema mwalimu kasikia mtandaoni.

Wakili_Ilala:

Andika hivi mwalimu: Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ya Tanzania, Dodoma, kesi ya madai namba 5 ya mwaka 1993, hukumu ya Jaji Lugakingira, Oktoba 1994. Hukumu iko kwa Kiingereza, ni ndefu, ila kile kipande cha mikutano kinasomeka hata na kidato cha tatu. Leo usiku nakitafsiri kurasa mbili tatu kwa Kiswahili cha kawaida nakutumia inboksi, kabla ya Alhamisi utakuwa nazo.